Fundi Anajibu: Jipu la Kifahari Likizeeka

Mwezi huu karibu barua zote zimeangukia jambo moja: majipu makubwa, yaani magari ya jeep ya Ulaya, yaliyozeeka. Yanaingia Lubumbashi kutoka Dar es Salaam na kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, bei yake imeshuka sana, na mtu wa mshahara wa kawaida anaona sasa anaweza kuendesha gari ambalo zamani lilikuwa la mkurugenzi wa mgodi. Mimi nayapenda majipu haya. Nimeyafungua na kuyafunga miaka mingi hapa Kampemba, na najua akili iliyotumika kuyatengeneza. Ndiyo maana inaniuma kuona moja linavutwa kwa kamba kwenda kuuzwa vipande kwa sababu ya uvujaji ambao ungezibwa mapema kwa fedha kidogo. Zisome barua hizi zote hata kama gari lako si lile lililotajwa. Utaona ugonjwa ni uleule: kuna kitu kinavuja, na mwenye gari ameambiwa aongeze tu.

Fundi, jambo sana. Nina Range Rover ya mwaka 2004, ya esansi (petroli), V8 ya lita 4.4. Jioni naiacha imesimama vizuri, asubuhi naikuta imelala. Nikiiwasha inapanda, ila siku hizi inachelewa na taa ya njano inawaka. Fundi wa kwanza amesema kompresa imekufa, ninunue mpya. Wa pili anataka tutoe mambo yote ya hewa, tutie springi za chuma. Nimsikilize nani? (Msomaji wa Bel-Air)

Ndugu yangu, kwanza wasubirishe wote wawili, maana hakuna kati yao aliyetafuta hewa inavujia wapi.

Jipu lako halina springi za chuma. Kila gurudumu linabebwa na mfuko wa mpira uliojaa hewa, na hewa hiyo inasukumwa na kompresa moja tu, iliyofichwa nyuma kwenye shimo la tairi la akiba. Kompresa hiyo haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Inajaza kidogo, inapumzika, inajaza tena mzigo ukibadilika. Mpira ukiota nyufa, hewa inatoka usiku kucha, na asubuhi kompresa inaanza kunyanyua gari la karibu tani mbili na nusu kutoka chini kabisa. Inapata moto. Ina kinga inayoizima joto likizidi, na hapo ndipo jipu linapochelewa kupanda na taa inawaka. Ukiliacha hivyo miezi, pete ya pistoni inalika na kompresa inakufa kweli. Lakini ugonjwa haukuanzia kwake. Ukifunga kompresa mpya juu ya mfuko unaovuja, umeipa kazi ileile iliyoiua ya kwanza.

Fanya hivi jioni moja. Egesha kwenye sakafu iliyo sawa. Kwa futi ya kupimia, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, uandike namba zote nne. Halafu chomoa fyuzi ya suspensheni. Usiruke hatua hii ya fyuzi. Kompyuta ya majipu mengi ya aina hii huamka usiku lenyewe limezimwa; ikikuta pembe moja imeshuka, inazishusha na nyingine ili gari likae sawa, na asubuhi unakuta limelala lote, huwezi kujua kosa liko upande gani. Fyuzi ikiwa nje, kila pembe inabaki na siri yake. Asubuhi pima tena. Iliyoshuka kuliko zote ndiyo ya kuanza nayo.

Sasa sabuni. Koroga sabuni ya unga kwenye maji, jaza chupa ya kunyunyizia. Rudisha fyuzi, washa injini, pandisha jipu hadi urefu wa njia mbaya, kwa sababu mpira ukinyooka ile mikunjo ya chini inafunguka na kuonekana. Weka stendi za chuma chini ya bodi kabla mtu hajaingiza hata mkono. Mfuko ukipasuka wakati umelala pale, jipu linakushukia bila onyo. Kata usukani hadi mwisho, nyunyiza polepole pale mpira unapojikunja kuelekea ndani, kisha subiri. Ufa mkubwa utausikia. Ufa mdogo utauona tu: povu jeupe, laini, linavimba taratibu mahali pamoja, unalifuta, linarudi palepale. Hapo ndipo vumbi letu jekundu la kiangazi linapokaa, na kila shimo la barabara linausugua mpira kwa vumbi hilo. Usipoona kitu kwenye mifuko, nyunyiza kwenye viungo vya mirija, halafu kwenye boksi la vali.

Ukishapata, badilisha mifuko miwili ya ekseli ileile. Umri wao ni mmoja, na wa pili hautachelewa kumfuata mwenzake. Kisha ndipo ushughulike na kompresa: mara nyingi kit ya pete ya pistoni na sili inatosha, bei yake haikaribii ya kompresa nzima. Badilisha pia relei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha. Relei iliyozeeka huganda ikiwa imefungwa, na kompresa inaendelea kuzunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, mpaka betri inakwisha au kompresa inaungua.

Na springi za chuma? Kwa mtu anayelifanyisha jipu kazi za shamba mbali na mji, ni jibu la heshima, na nimewafungia watu. Wewe unaishi mjini na gari lako bado lina mambo mengine yote ya hewa yakiwa mazima. Ukiyatoa utapoteza ule urefu wa kushuka unaomsaidia mama mzee kupanda, utapoteza ule urefu wa juu kwa ajili ya matope, na kompyuta isipopangwa upya taa itabaki imewaka daima, siku tatizo lingine likija hutalijua. Mimi ningetengeneza hewa.

Fundi, mimi ni mama mfanyabiashara, kila wiki niko Kasumbalesa. BMW X5 yangu ya 2005, injini 4.4, nikikaa kwenye msururu wa malori mshale wa joto unapanda. Nikipata njia nikatembea unarudi. Kijana wangu anaongeza maji ya bomba kila asubuhi, karibu nusu lita. Walinishauri tutoe thermostati, ile vali ya kuongoza maji ya kupoza injini, tukaitoa, bado. (Mama wa Ruashi)

Mama, nakuomba usirudi Kasumbalesa na gari hilo kabla ya kulitibu. Nasema kwa uzito kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mshale wa joto wa BMW hauonyeshi kila digrii. Kompyuta inaushikilia katikati ndani ya nafasi pana ya joto ili dereva asihangaike. Kwa hiyo siku unapouona unaondoka katikati, joto limeshavuka pale ambapo magari mengine yangekuwa yamekuonya zamani. Na injini yako ni ya alumini, bloku na vichwa vyote. Alumini ikichemka inapinda, na kichwa kilichopinda hakitibiwi kwa kuongeza maji.

Nusu lita kila asubuhi ina mahali inapokwenda. Kwenye injini yako, ile ya V8 waliyoanza kuitia X5 mwishoni mwa 2003, kuna bomba refu linalopita katikati ya V, kati ya safu mbili za silinda, kutoka pompu ya maji mbele hadi nyuma ya injini. Pete yake ya mbele inakauka kwa miaka na joto. Maji yanatoka kwenye tundu dogo nyuma ya pompu, yanashuka mbele ya injini upande wa alternata, na mengi yanakauka kwa moto kabla hayajafika chini. Ndiyo maana hukuti dimbwi mahali ulipoegesha. Mwambie kijana aangalie kwa tochi, injini ikiwa ya baridi, atafute mstari wa ukoko mweupe au wenye rangi. Kisha muende kwa fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia rejeta: anaifunga mahali pa kifuniko, anasukuma presha, na mnakaa kutazama kipimo. Kikishuka, kuna uvujaji, na mtautafuta mpaka muuone.

Bomba hilo kiwandani walilipanga litolewe kwa kufungua karibu sehemu yote ya mbele na ya juu ya injini, kazi ya siku kadhaa. Lakini kuna bomba la kutengenezea linalouzwa na kampuni nyingine, linalojikunja kwa urefu: la zamani linakatwa na kutolewa vipande, jipya linaingia likiwa fupi kisha linanyooshwa mahali pake. Kazi inapungua sana. Ukiambiwa lazima injini ishuke, muulize fundi kama analijua bomba hilo.

Joto la foleni lina sababu nyingine ya kuongezea. Gari likitembea upepo unaipoza rejeta. Likisimama, feni ndiyo upepo. Kama mshale unapanda tu mkisimama, feni ipimwe, na nafasi kati ya rejeta na kondensa ya hewa baridi isafishwe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa. Vumbi na wadudu wa barabara ya Kasumbalesa hujaa pale pasipoonekana. Tanki la plastiki la maji na kifuniko chake, kama ni vya asili, vibadilishe bila kusubiri. Kifuniko kinashikilia presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Maji matupu, bila presha, yanachemka hapa karibu digrii 96. Kifuniko kibovu cha bei ndogo kinaweza kuimaliza injini yako.

Thermostati irudishwe, na iwe ile yake. Ni ya umeme, inaendeshwa na kompyuta ya injini; kuitoa hakupunguzi joto la foleni, kunaivuruga kompyuta tu. Na maji ya bomba yakome. Maji ya udongo wetu huku Katanga yana chokaa, birika lako la chai linaonyesha. Chokaa ileile inajipaka ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Tumia maji yaliyosafishwa yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta inayolingana na gari, kisha fundi atoe hewa kwenye mfumo kwa skrubu yake. Na tafadhali mama, mtu yeyote asifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kama foleni imeanza kutembea na watu wanapiga honi.

Range Rover Sport yangu ya 2007 inapiga teke ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Ina kilomita 190,000. Aliyeniuzia alisema mafuta ya giaboksi yake ni ya maisha, hayabadilishwi. Ni kweli? (Kijana wa Katuba)

Si kweli, kijana wangu, na maneno hayo yameua giaboksi nyingi katika mji huu. Giaboksi yako ya gia sita imetengenezwa na ZF ya Ujerumani, na ZF wenyewe wanashauri mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Gari lako limepita vipimo vyote viwili.

Sahani yake ya chini ni ya plastiki na filta imo ndani yake, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Kuna pia kibushi kidogo cha plastiki pale waya za umeme zinapoingia kwenye giaboksi. Pete zake zikikauka, mafuta yanatoka matone kwa matone. Kibadilishe siku hiyohiyo, bei yake ni ndogo sana. Mafuta yawe ya aina inayotakiwa na giaboksi hiyo. Nimeona wakitia Dexron, mafuta ya giaboksi za zamani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani. Usikubali.

Upimaji wa kiwango ndio wanaoukosea zaidi. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia mafuta. Unajaza kupitia tundu la ubavuni, gari likiwa limelala sawa, injini ikiwa imewaka, joto la mafuta likiwa kati ya digrii 30 na 50, unalolisoma kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Ukijaza injini ikiwa imezimwa utadhani imejaa kumbe imepungua lita kadhaa. Kama mafuta yanayotoka yananuka kuungua na yana unga wa chuma, teke huenda lisiishe, na hapo tutazungumza mambo mengine. Lakini kwa teke la gia ya pili kwenda ya tatu peke yake nina tumaini kubwa na gari lako.

Mvua zikianza mwezi wa 11, Range yangu inawasha taa zote za dashibodi, vioo vinashuka vyenyewe, kengele inalia usiku. Kiangazi kikija inapona. Wameshaniuzia kompyuta mbili. (Msomaji wa mtaa wa Golf)

Usinunue ya tatu. Gari linalopona kiangazi lina maji ndani.

Dirisha la paa halikutengenezwa kuzuia maji yote. Limezungukwa na mfereji, na mfereji una mirija minne inayoshuka ndani ya nguzo za bodi hadi chini. Miezi ya kiangazi vumbi linajaa kwenye mirija hiyo, linakaa kimya. Mvua ya kwanza inaligeuza tope, linaziba, maji yanafurika ndani, yanafuata waya kama njia, yanaishia chini ya zulia penye viunganishi. Sehemu nyingine ya kuangalia ni chini ya waipa, penye filta ya hewa ya ndani. Majani ya mti unaoegesha chini yake yanaziba pale vilevile.

Inua zulia la mbele, bonyeza sifongo iliyo chini yake kwa kiganja. Ikitoa maji, umepata. Safisha mirija kwa uzi laini wa mashine ya kukatia nyasi, usukume taratibu. Usitumie hewa ya kompresa yenye nguvu, inaweza kuuchomoa mrija mahali usipoweza kuufikia bila kushusha paa la ndani. Kausha sifongo kabisa, safisha viunganishi vilivyoota kijani. Na kila mwaka fanya kazi hii mwezi wa 9, mvua ikiwa bado.

Pima na betri pia. Ikiwa imepumzika usiku kucha inapaswa kusoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na majipu haya yakikosa umeme wa kutosha yanalalamika kwa kila taa yaliyo nayo. Injini ikiwaka, volti ziwe kati ya 13.8 na 14.5. Kipimo cha volti ni cha bei ndogo kuliko kompyuta yoyote, na ndicho ninachokitoa kwanza kabla ya skana.

Nimepata Land Rover Discovery 3 ya mazutu (dizeli), lita 2.7, ya 2008. Breki ya mkono ya umeme inapiga kelele ya kutisha nikiifunga. Mkanda wa injini sijui kama umewahi kubadilishwa. (Msomaji wa Kolwezi)

Mzee wangu, kama hakuna karatasi inayoonyesha mkanda umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kiwanda kilitoa kikomo cha kilomita 168,000 au miaka 7, kile kinachotangulia, na hiyo ni kwa barabara safi. Mikanda ni miwili: wa mbele wa taimingi, na wa nyuma wa pampu ya mazutu yenye presha. Watu wengi wanabadilisha wa mbele na kuusahau wa nyuma. Fanya yote miwili, na mpaka ufanye, usije nayo Lubumbashi. Kilomita 300 ni nyingi kwa mkanda usiojua umri wake. Mafuta ya injini yabadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Injini hii inajulikana kwa kukatika shimoni la katikati bila kuonya, na mafuta safi ndiyo kinga pekee uliyo nayo mkononi mwako.

Kelele ya breki ni viatu vya ndani vilivyojaa vumbi na tope na kupoteza marekebisho. Vifunguliwe, vioshwe, virekebishwe. Ukiendelea kuifunga inalia hivyo, mota inavuta mpaka inakwama, na mota ndiyo ghali.

Fundi, mimi ni mwalimu. Nimeweka dola 9,000 kwa miaka. Kuna Range Rover ya 2006 kwa 8,500, na Land Cruiser 100 ya 2001 ya kilomita 310,000 kwa bei hiyohiyo. Mke wangu anapenda Range. Aksanti. (Mwalimu wa Kamalondo)

Mwalimu, aksanti nawe kwa kuandika kabla ya kununua. Wengi wananiandikia baada.

Range ya mtindo huo ilipoanza kuuzwa Marekani, mwaka wa mfano wa 2003, bei yake ilikuwa karibu dola 70,000. Miaka imeishusha bei ya gari hadi 8,500. Haijaishusha bei ya raki ya usukani, ya kompresa, ya kompyuta, ya taa za mbele. Vipuri vyake bado ni vya gari la dola 70,000, na jipu la 2006 linahitaji vipuri vingi kuliko lilivyohitaji likiwa jipya. Hilo ndilo ningependa ulishike. Anayeuza kwa 8,500 mara nyingi anauza kwa sababu amepewa hesabu ya matengenezo inayokaribia bei hiyo.

Kisha ongeza esansi. V8 ya 4.4 ndani ya mji haishuki lita 20 kwa kilomita 100. Ukitembea kilomita 30 kwa siku, kutoka nyumbani hadi shule, sokoni na kurudi, ni lita 6 kila siku ya Mungu. Zidisha kwa bei ya pompu ya leo, weka kando ya mshahara wako, halafu ongeza bima na vinyeti (kodi ya gari). Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi, na mama akiwepo.

Land Cruiser nayo si gari la bei ndogo. Kama ni ya esansi, V8 yake ya 4.7 inakunywa karibu sawa na mwenzake, na ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 150,000, kwa hiyo kwa kilomita 310,000 inapaswa kuwa imeshabadilishwa mara mbili. Uliza. Baadhi yake zina suspensheni ya mafuta inayopanda na kushuka. Bonyeza swichi uone kama inapanda laini, na kaa juu ya bampa ya nyuma: ikiwa ngumu kama jiwe, zile tufe za gesi zimekwisha. Lakini mafundi wanaoijua wako katika kila komuni, vipuri vyake viko mjini, na likikuachia njiani kwenda Likasi utapata mtu wa kulitengeneza.

Shauri langu ni usinunue lolote kati ya hayo mawili kwa bei hiyo. Mwenye dola 9,000 anunue gari la 6,000, na 3,000 zibaki, siyo kwa starehe, ni kwa mwaka wa kwanza: mafuta yote, mikanda, mipira ya maji, breki, matairi manne ya uzito unaotakiwa. Punguza bei ya Land Cruiser mpaka ifike hapo au tafuta nyingine. Mama ana haki ya kupenda Range, ni gari zuri sana na mimi nalipenda. Kama mtaamua ni hilo, basi lisubirini hadi akiba ya matengenezo ifikie nusu ya bei ya kununulia, na mlitafute lenye karatasi za garaji.

Na siku ya kwenda kuliangalia, lolote lile, fikeni asubuhi mapema bila kupiga simu njiani. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameliwasha kabla yenu, na ana sababu. Mnataka kulisikia likiwaka la baridi, kuona moshi wa kwanza, kuona limelala au limesimama. Fungua kifuniko cha maji likiwa bado baridi, tazama kama kuna utando wa mafuta. Inua zulia. Angalia sakafu mahali lilipolala usiku. Halafu ndipo mzungumze bei.

Nilituma fedha Johannesburg kwa mfuko wa hewa wa suspensheni ya Range yangu. Umefika, hauingii. Muuzaji anasema ni wa Range, hawezi kurudisha. (Msomaji wa Kampemba)

Pole sana, ndugu. Jina la gari halitoshi kuagizia kipuri. Range ya mtindo huo ilikaa sokoni hadi 2012, na kwa nje inaonekana ileile, lakini mfano wa 2006 ulibadilisha injini za esansi za BMW kwa za Jaguar, ukabadilisha giaboksi, na vipuri vingi vikabadilika navyo.

Kuna namba ya shasi yenye herufi na tarakimu 17. Iko nyuma ya kioo cha mbele, pembeni chini, inasomeka ukiwa nje. Ipige picha. Toa kipuri cha zamani kwanza, kioshe, piga picha namba iliyochapwa juu yake na umbo la viunganishi. Mtumie muuzaji picha zote mbili, akuandikie kwamba kipuri chake kinalingana na namba hiyo ya shasi, na jibu hilo liwe limefika kwenye simu yako kabla hujatuma hata dola moja. Ulio nao sasa usiutupe. Tangaza mwaka na namba yake kwenye garaji za mjini, yupo mwenye Range ya mwaka mwingine anayeutafuta.